Mashindano ya Mawe

Siku moja hapa Biliqo, tulipokuwa tukisoma darasani habari za Misri ya kale, mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwalimu, Mafirauni walijenga piramidi. Watu wa Kilwa walijenga msikiti mkubwa wa mawe. Sisi wafugaji tulijenga nini?" Wenzake walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Niliona machoni mwao kwamba kila mmoja alitaka kulisikia jibu.

Nilitazama dirishani. Huko nje zilikuwapo nyumba chache za matofali, na kando yake zile nyumba zetu za fito na mikeka, ambazo akina mama waweza kuzibomoa asubuhi, wakazipakia juu ya ngamia, na jioni wakazisimamisha mahali pengine. Kwa kweli hazikuonekana kuwa ushahidi mzuri dhidi ya piramidi. Nikamwambia yule kijana kwamba nitamjibu katika kipindi kijacho. Vipindi vingi vimepita tangu hapo, na insha hii ndiyo jibu lenyewe.

Swali lake lilibeba kipimo ndani yake bila ya yeye kujua. Kipimo hicho ni urefu wa jiwe. Aliyejenga juu sana ana historia, na ambaye hakujenga hana. Basi na tuanze kwa kuwatazama wale waliojenga juu sana, tuone walikuwa wakishindana na nani.

Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, mwenzangu mmoja alinionyesha mchezo wa kompyuta uitwao A Tale in the Desert. Mchezo huo ulifunguliwa mwaka 2003, na watu wa nchi mbalimbali waliucheza pamoja kwa njia ya intaneti, wote wakiishi katika nchi ya Misri ya kubuni. Ajabu yake ni kwamba humo hamna vita wala upanga. Mchezaji huanza mikono mitupu: hukusanya matope, mchanga na majani makavu, hufyatua matofali, kisha hujenga. Lakini amani hiyo haikuondoa ushindani. Miongoni mwa majaribio yaliyowekwa lilikuwapo la kusimamisha obeliski, yaani nguzo ndefu yenye ncha kama zile za Misri, na sharti lake lilikuwa kwamba nguzo hiyo izidi nyingine zote za jimbo lile. Kwa hiyo kila aliyekuja nyuma alilazimika kujenga kubwa kuliko ya aliyemtangulia, na wa kwanza walipata kwa jasho kidogo kile ambacho wa mwisho walikipata kwa taabu nyingi. Na mchezo ulipofikia mwisho wa kipindi chake, nchi yote ilifutwa pamoja na nguzo zake, wachezaji wakaanza upya juu ya mchanga mtupu.

Nilidhani kuwa sharti lile lilikuwa mzaha wa waliotunga mchezo. Nilipoisoma historia kwa makini nikaona kwamba hawakubuni kitu. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Karibu mwaka 2650 kabla ya Kristo, mfalme Djoser alijengewa huko Saqqara piramidi ya ngazi, yenye kimo cha mita 62 hivi. Baada yake akaja Sneferu, naye hakutosheka na piramidi moja. Mafundi wake walipokuwa wakiijenga ile ya Dahshur, walifika kati wakatambua kwamba mteremko wake ni mkali mno, wakaulegeza. Hata leo jengo hilo limepinda kiunoni kama mzee aliyechoka. Kisha akajenga nyingine karibu yake, na hiyo ikanyooka. Mwanawe Khufu akamzidi baba yake kwa piramidi ya Giza, iliyokuwa na mita 146, na kwa zaidi ya miaka 3,000 hapakuwa na jengo duniani lililoishinda kwa kimo.

Sasa fikiri juu ya Khafre, mwana wa Khufu. Afanye nini mtu ambaye baba yake amejenga kitu kama kile? Piramidi ya Khafre ilikuwa na mita 143 hivi, yaani ilikuwa fupi kuliko ya baba yake. Lakini aliijenga juu ya ardhi iliyoinuka zaidi, na mgeni asimamaye Giza leo huiona ya Khafre kuwa ndiyo ndefu. Kila ninaposoma habari hiyo hunijia tabasamu. Mfalme wa Misri yote, aliyeitwa mungu na watu wake, alitumia hila ya mtoto apandaye juu ya jiwe ili aonekane mrefu katika picha ya darasa.

Baada ya Khafre, Menkaure alijenga piramidi ya mita 65 tu, na waliomfuata hawakuufikia tena ukubwa ule. Ushindani ulihamia kwenye mambo mengine. Miaka zaidi ya 1,000 baadaye, malkia Hatshepsut alisimamisha obeliski huko Karnak, kila moja jiwe moja zima, na iliyosimama hata leo ina karibu mita 30. Aliandika juu yake kwamba kazi ya kuzichonga ilichukua miezi saba. Baada ya kufa kwake, Thutmose III, aliyetawala pamoja naye na kisha peke yake, alizijengea nguzo hizo ukuta kuzizunguka, hata zikaonekana ncha tu. Na katika machimbo ya Aswan imelala obeliski ambayo haikumalizika kuchongwa. Kama ingesimama, ingefika mita 42 na uzito wake ungepita tani 1,000. Jiwe lilipasuka kabla ya kung'olewa mwambani, nao wafanyakazi wakaweka chini vyombo vyao wakaondoka.

Tusiwasahau wafanyakazi hao. Vikosi vilivyovuta mawe ya piramidi viliandika majina yao ndani ya majengo, mahali ambapo hapakutazamiwa kuonekana na mtu. Kimoja kilijiita rafiki wa Khufu, kingine kilijiita walevi wa Menkaure. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf katika pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana makaratasi ya mafunjo yenye habari za msimamizi mmoja aitwaye Merer, ambaye kikosi chake kilisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza kwa ajili ya kazi ya Khufu. Makaratasi hayo yanataja safari za kila siku: leo wamepakia, leo wamelala njiani, kesho watashusha. Hayo ndiyo maisha yaliyokuwa chini ya ule urefu wa mita 146.

Lakini Misri iko mbali na kwetu. Uko mji mwingine ambao mashindano haya yalifika ukingoni kwa namna iliyo wazi zaidi, nao ni Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, nchi jirani yetu.

Wafalme wa Aksum walitawala biashara ya Bahari ya Shamu, wakapiga sarafu zao wenyewe za dhahabu, na makaburi ya wakubwa wao waliyatia alama kwa nguzo za mawe. Mwanzoni nguzo hizo zilikuwa mawe ya kawaida, hayakuchongwa sana. Kisha zikaanza kukua. Zilizo kubwa kabisa zilichongwa mfano wa nyumba ya ghorofa: chini mlango wa uongo wenye kitasa chake cha jiwe, juu yake safu za madirisha, ghorofa juu ya ghorofa, yote katika jiwe moja zima lililotolewa machimbo yaliyo kilomita kadhaa nje ya mji. Moja ina kimo cha mita 21 nayo ingali imesimama. Ya pili ina mita 24. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilichongwa ghorofa 13. Urefu wake ni mita 33 na uzito wake wakadiriwa kuwa tani 520. Huenda ndilo jiwe moja kubwa kuliko yote ambayo binadamu wa zamani zile walijaribu kulisimamisha.

Nasema walijaribu. Wataalamu wengi huona kwamba jiwe hilo lilianguka siku ileile lilipokuwa likiinuliwa, au mara tu baada yake. Sehemu yake iliyokusudiwa kuingia ardhini ilikuwa fupi mno kwa urefu kama ule. Lilipoanguka liliyagonga mawe ya kaburi kubwa lililokuwa karibu, likakatika vipande vipande, na vipande hivyo vimelala mahali pale hata leo. Wapita njia huvizunguka kama mtu azungukavyo mti ulioangushwa na upepo.

Piga picha ya siku hiyo moyoni mwako. Watu wengi wamekuwa wakichonga kwa muda mrefu. Kamba zimekazwa, mfalme au warithi wake wametandikiwa mahali pa kukaa, na mji mzima umetoka kutazama. Jiwe lainuka polepole, lafika mahali fulani, kisha lakataa. Hakuna maandishi yatuambiayo ni wangapi waliokuwa chini yake.

Wakati huohuo wa karne ya nne baada ya Kristo alitawala huko Aksum mfalme Ezana, naye akaipokea dini ya Kikristo. Twaweza kuona badiliko hilo katika sarafu zake: zile za kwanza zina mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Karibu na mwaka 356, Constantius II, kaisari wa Rumi, alimwandikia Ezana na ndugu yake barua juu ya mambo ya kanisa. Na kaisari huyohuyo, mwaka 357, alisimamisha katika mji wa Rumi obeliski iliyoletwa kutoka Karnak, yenye mita 32, ndefu kuliko zote zilizowahi kupelekwa huko. Tazama basi: wafalme wawili waliounganishwa na barua, mmoja ana nguzo ya kuiba iliyosimama, mwingine mji wake una nguzo ya kuchonga iliyovunjika. Baada ya Ezana, nguzo kubwa hazikuchongwa tena Aksum. Wafalme walianza kujenga makanisa.

Hata hivyo, mashindano yalikuwa na tawi jingine miaka mingi baadaye. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, ilitaka nayo kuwa na nguzo za ushindi kama makaisari wa kale. Ile nguzo ya pili ya mita 24, ambayo wakati huo ilikuwa imelala chini vipande, ilichukuliwa ikasimamishwa Rumi mwaka 1937. Katika mkataba wa amani wa mwaka 1947 Italia iliahidi kuirudisha. Ilirudishwa kwa ndege mwaka 2005, ikiwa vipande vitatu, ikasimamishwa tena Aksum mwaka 2008. Tangu ahadi hadi nguzo kufika nyumbani ni miaka 58. Jiwe la kutafutia sifa huchukuliwa upesi, bali kulirudisha kuna shughuli.

Kwa nini walishindana hivyo? Mimi naona kwamba mfalme mwenye enzi ya kurithi huishi katika kivuli cha marehemu. Watu huitazama kazi ya baba yake kila siku waendapo sokoni, nao humpima mwana kwa kazi ile. Akijenga ndogo, atasemwa kuwa ni dhaifu. Akijenga sawa, atasemwa kuwa ameiga. Tena lazima awe na ghala za nafaka za kuwalisha wavuta mawe, na wakulima wasioweza kumkimbia kwa sababu shamba halihami. Misri ilikuwa na yote mawili, na Aksum vilevile. Palipo na vitu hivyo nguzo huota, na huzidi kuota mpaka jiwe likatae au mfalme abadili mawazo.

Sasa nirudi kwa yule kijana wangu, kwa maana kama ningeishia hapa angeweza kusema, "Basi wafugaji hawakujenga kwa kuwa hawakuwa na ghala wala mfalme." Hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo. Lakini sivyo.

Upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, pana jukwaa la mawe la duara, ambalo upana wake ni mita 30 hivi. Juu yake zimesimama nguzo za mawe, na mengine ya mawe hayo yalitolewa umbali wa hata kilomita moja. Mwaka 2018 wataalamu waliofukua hapo walitangaza waliyoyaona. Chini ya jukwaa mna shimo kubwa, na ndani yake walizikwa watu wasiopungua 580. Mazishi hayo yalianza yapata miaka 5,000 iliyopita, yakaendelea kwa karne kadhaa. Shimo lilipojaa likafunikwa kwa mawe, na nguzo zikasimamishwa juu. Waliojenga walikuwa wafugaji, wa kwanza kabisa kufuga mifugo katika sehemu zile. Nao walianza kazi hiyo kabla Khufu hajazaliwa.

Haya ndiyo niliyotamani kuyajua siku ile niliyoulizwa swali. Bado kuna la ajabu zaidi. Katika shimo lile hamna kaburi la mfalme. Wamo wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga, wala hakuna aliyetengwa mahali pa heshima kuliko wenziwe. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililofanywa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Fikiri subira ya mtu aliyeyakusanya meno hayo! Zamani wataalamu walizoea kufundisha kwamba palipo na jengo kubwa lazima pawepo na mtawala mkubwa wa kuamuru. Lothagam haikubaliani nao. Siku zile mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma, malisho hayakuwa na uhakika, na watu waliotawanyika na mifugo yao walihitaji mahali pa kukutania. Walileta wafu wao na mawe yao mahali pamoja. Nani alimzidi nani, jengo lenyewe halisemi.

Mahali pa namna hiyo ni pengi kandokando ya ziwa. Pamoja ni Jarigole, upande wa mashariki, katika jirani yetu Marsabit. Majirani zetu Waturkana husimulia kwamba nguzo zile ni watu waliogeuzwa kuwa mawe.

Napenda kusema kweli hapa, ili mwanafunzi asitoke darasani akijigamba bure. Watu wa Lothagam hawakuwa Waborana. Babu zetu walifika katika nchi ya Kenya baadaye sana, na ukingo huu wa Ewaso Nyiro ni makao yetu ya juzijuzi tu katika hesabu ya historia. Hata malundo ya mawe yaliyotapakaa katika nchi za kaskazini, wazee wetu husema ni kazi ya watu waliotutangulia. Twawaheshimu; hatuwezi kuwaita wetu.

Vya kwetu viko chini ya ardhi. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Borana ya Ethiopia, viko visima vya kale viitwavyo tula, kama vile vya Dubluk na Melbana. Vimechimbwa katika mwamba na udongo mgumu, na vingine kina chake chafika mita 30. Watu husimama mmoja juu ya mwenzake katika vipandio vya kisima, wakipokezana vyombo vya maji kutoka chini hadi juu huku wakiimba, ili mikono yote iende kwa mwendo mmoja. Zamu za kunywesha huongozwa na mtu aitwaye abba herega, na kwa desturi maji hayauzwi. Mita 30 kwenda chini! Urefu huo wakaribia ule wa nguzo iliyoanguka Aksum, ila mtu hawezi kuuona mpaka ainame.

Tena tuna utaratibu wa gada, ambao UNESCO iliuandika mwaka 2016 katika urithi wa wanadamu. Kwa utaratibu huo kiongozi mkuu, abba gada, hushika madaraka kwa miaka minane, kisha huyaachia mwingine. Miaka yake minane huitwa kwa jina lake, na wazee wenye kumbukumbu waweza kuyataja majina hayo kwa mfululizo kurudi nyuma karne kadhaa, na kwa kila jina wakaeleza njaa, vita au ugonjwa uliotokea. Mtu anayejua siku ya kuondoka kwake, na anayejua kwamba jina lake litatajwa pamoja na mabaya ya wakati wake, atajenga piramidi ili iweje? Sisemi kwamba wafugaji hawana ushindani. Nani asiyejua majigambo yetu ya ng'ombe? Lakini ng'ombe wa kujivunia hufa kwa ukame mmoja, na mwenyewe hulazimika kwenda kuomba mtamba kwa yule aliyemringia jana.

Kipindi nilichotoa jibu langu kilikuwa cha jioni. Sikutumia ubao. Niliwatoa wanafunzi wote uwanjani, tukakata kamba ya mita 15, tukapigilia kigingi katikati, na yule kijana aliyeniuliza akaishika ncha ya kamba akizunguka na kuchora mchangani kwa fimbo, mpaka duara likafungana. Nikawaambia wote waingie ndani, tangu kidato cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na walimu na mpishi. Tuliingia, na nafasi ilibaki. Mmoja akauliza wale 580 walitosheaje. Nikamwambia kwamba hawakuzikwa siku moja. Waliletwa mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi, na kila aliyeletwa alikuta mahali pake. Walinyamaza kidogo. Kisha mbuzi wa jirani wakapita katikati ya duara wakielekea nyumbani, na mstari ukaanza kufutika.